Nafasi Iliyoachwa Wazi: Historia ya Uga Mtupu katika Fomu za Kompyuta

Fomu yoyote, ya karatasi au ya skrini, hurudi kwa aliyeitoa ikiwa na majibu ya namna mbili: yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Majibu ya namna ya kwanza ndiyo yanayoshughulikiwa zaidi katika uhakiki wa data, yaani kazi ya kukagua kama kilichoingizwa katika programu kinafaa kupokelewa kabla hakijahifadhiwa au kukokotolewa. Yale ya namna ya pili yamekuwa mzigo tangu mashine za kusoma fomu zilipoanza, kwa sababu uga mtupu, yaani nafasi ya fomu ambayo mjazaji hakuandika chochote ndani yake, unaweza kumaanisha kwamba mtu hajui jibu, au analijua lakini hataki kulitoa, au swali halimhusu, au alipitiwa tu, au jibu lake ni sifuri na hakuona haja ya kuiandika. Karani mwenye karatasi mkononi aliweza kukisia maana iliyokusudiwa kwa kutazama majibu mengine yaliyo jirani na nafasi hiyo, au kumwita mhusika amuulize. Mashine haikuwa na uwezo huo. Maana hizo tano zilibanwa zikawa moja ili kuokoa nafasi na fedha, na vizazi vya wahandisi vilivyofuata vililazimika kuzitenganisha tena, kazi ambayo hadi sasa haijakamilika.

Mwanzo unaoweza kuonyeshwa kwa hakika ni sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Sensa iliyoitangulia, ya mwaka 1880, ilichukua takriban miaka minane kujumlishwa kwa mkono, na mhandisi Herman Hollerith akapata kazi ya kuhesabu iliyofuata kwa kadi za matundu. Kila mtu aliyehesabiwa alikuwa na kadi yake, na karani alitoboa tundu mahali palipolingana na jibu lililoandikwa katika fomu. Kadi iliwekwa chini ya mtambo wenye sindano nyingi za springi: penye tundu sindano ilipenya hadi ikagusa zebaki iliyokuwa katika kikombe kidogo, saketi ya umeme ikakamilika na mshale wa kaunta ukasogea hatua moja, pasipo na tundu sindano ilizuiwa na karatasi, na hakuna kilichohesabiwa. Kengele ililia kila kadi iliposomwa ipasavyo, na isipolia, mhudumu wa mashine alijua kwamba kadi ina upungufu na akaiweka kando ili ichunguzwe. Huo ulikuwa uhakiki wa uga mtupu kwa maana kamili ya neno, tena wenye sifa ambayo mifumo mingi iliyofuata ilikuja kuikosa: mashine ilikiri kwamba haijui, ikairudisha kadi kwa binadamu badala ya kuipa jibu la kubuni.

Kompyuta zilirithi kadi hizo, na pamoja nazo zikarithi shida. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi yenye safu 80, ambayo ndani yake safu isiyotobolewa ilisomwa kuwa nafasi tupu, ileile inayotenganisha maneno katika maandishi. Wapiga kadi, ambao wengi wao walikuwa wanawake, hawakuwa na sababu ya kutoboa sifuri katika kila safu iliyobaki kandokando ya nambari, na lugha ya programu ya FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na kundi la John Backus ndani ya IBM, ilifuata desturi hiyo. Katika kiwango chake cha mwaka 1966, nafasi tupu iliyokutwa ndani ya uga wa nambari ilichukuliwa kuwa sifuri. Matokeo yake yalikuwa mazito kuliko yanavyoonekana kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekusudia kuandika 7 katika uga wa safu tano alipaswa kuiweka safu ya mwisho kulia. Akiteleza safu mbili kushoto, mashine ilisoma 700 bila kulalamika, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni zake hapakuwa na kosa lolote. Kiwango kilichofuata, FORTRAN 77, kilimpa mwandishi wa programu maagizo mawili ya kuchagua, BN na BZ, la kwanza likiagiza nafasi tupu zipuuzwe na la pili likiagiza zigeuzwe sifuri. Hata hivyo, uga uliokuwa mtupu wote, kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, uliendelea kusomwa kuwa sifuri chini ya maagizo yote mawili. Kwa hiyo mkulima aliyejibu kwamba hakuvuna gunia hata moja na mkulima ambaye hakuulizwa kabisa walikuwa, mbele ya programu hiyo, mtu mmoja.

Lugha ya COBOL, iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za serikali na biashara, ilielekea upande wa pili. Humo nafasi tupu zilibaki kuwa nafasi tupu, zikiwa na jina lake, SPACES, na sifuri zikiwa na jina lake, ZEROS, na programu iliyojaribu kujumlisha uga wa nambari ambao ndani yake mlikuwa na nafasi tupu tu ilikuwa hatarini kusimama. Katika mashine za IBM za familia ya System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, kusimama huko kulipewa namba ya kosa, S0C7, namba ambayo waliofanya kazi na mashine hizo waliijua kama mganga anavyojua dalili za homa. Ukali huo ulikuwa na gharama yake, kwani kadi moja yenye uga mtupu katikati ya maelfu ingeweza kusimamisha kazi ya mishahara ya taasisi nzima, na ndiyo maana waandishi wa COBOL walijifunza kutanguliza jaribio la NUMERIC, linalouliza kama uga una tarakimu pekee, kabla ya hesabu yoyote. Ni vigumu kuukubali upole wa FORTRAN baada ya kuulinganisha na ukali huu: kazi iliyosimama hutengenezwa asubuhi yake, ilhali 700 iliyotokana na 7 hukaa katika vitabu vya hesabu bila mtu kuitilia shaka.

Watakwimu, ambao walihitaji kujua kwa nini jibu halipo, walibuni njia yao wenyewe. Walitenga nambari ambazo hazingeweza kuwa majibu ya kweli, aghalabu 9, 99 au 999, wakazipa maana: nambari moja kwa asiyejua, nyingine kwa aliyekataa kujibu, nyingine kwa asiyehusika. Programu ya takwimu ya SPSS, iliyoanza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilimruhusu mtafiti kuitangazia mashine mapema ni nambari zipi zisihesabiwe kuwa majibu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5218 kuhusu jinsia ya mtu kinafuata mantiki hiyohiyo hadi leo: 1 ni mwanamume, 2 ni mwanamke, 0 ni haijulikani na 9 ni haihusiki. Ubora wa njia hii ni kwamba maana hazichanganyikani. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kumbukumbu ya binadamu, kwa sababu mtafiti atakayepokea faili bila mwongozo wake ataona wazee wengi mno wenye umri wa miaka 99 na wastani wa umri utapanda bila sababu. Desturi ya kujaza tisa ilikuwa imeenea kiasi kwamba, wakati dunia ikihofia mabadiliko ya mwaka 2000, wapo waliohofia pia tarehe 9 Septemba 1999, wakidhani kwamba mifumo ya zamani ingeisoma 9/9/99 kuwa alama ya kukosekana kwa tarehe. Siku hiyo ilipita salama.

Jaribio kubwa la kulipatia jambo hili nadharia lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, na ambaye mwaka 1970 alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, yaani hifadhidata zinazopanga taarifa zote katika majedwali na kuziunganisha kwa thamani zilizomo ndani yake. Katika makala nyingine ya mwaka 1979 alieleza jinsi jedwali linavyopaswa kubeba taarifa isiyokuwepo: kwa alama maalumu, NULL, ambayo si sifuri, si nafasi tupu, wala si neno lolote. Kwa kuwa NULL haina thamani, swali lolote linaloilinganisha na kitu kingine haliwezi kujibiwa ndiyo wala hapana. Jibu lake ni la tatu, haijulikani, na kwa njia hiyo hifadhidata zikaingia katika mantiki ya thamani tatu. Anayeomba orodha ya watu wenye umri wa miaka 40 au zaidi, kisha akaomba orodha ya wale ambao hawajafika 40, hudhani kwamba orodha mbili zikijumlishwa zitatoa watu wote, lakini wale ambao umri wao haukuandikwa hawatatokea katika orodha yoyote kati ya hizo. Ripoti ngapi za serikali na mashirika zimewapoteza watu kwa njia hii hakuna awezaye kuhesabu, maana waliopotea hawaachi pengo linaloonekana.

Codd mwenyewe hakuridhika. Ripoti ya kamati ya viwango ya Marekani, ANSI/X3/SPARC, ilikuwa imeorodhesha mwaka 1975 namna 14 tofauti ambazo thamani inaweza kukosekana, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 Codd alipendekeza alama mbili badala ya moja, ya kwanza kwa thamani ambayo ipo lakini haijulikani, ya pili kwa thamani ambayo haiwezi kuwepo, kama namba ya simu ya ofisini kwa mtu asiye na ofisi. Pendekezo hilo lilihitaji mantiki ya thamani nne, na mifumo mikubwa ya biashara haikulifuata. Mwenzake Chris Date alikwenda mbali zaidi upande wa pili, akisisitiza kwamba NULL yenyewe ilikuwa kosa na ingefaa iondolewe kabisa. Soko lilichagua njia ya kati iliyokuwa rahisi: alama moja kwa mambo yote. Hata hiyo haikutekelezwa kwa usawa, kwa kuwa hifadhidata ya Oracle, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, iliyachukulia maandishi matupu, yaani maandishi yenye herufi sifuri, kuwa NULL, na imebaki hivyo, wakati kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata hizo, kinavitenganisha vitu hivyo viwili. Programu inayohamishwa kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine inaweza kuanza kuwakubali watu iliokuwa ikiwakataa, au kuwakataa iliokuwa ikiwakubali, bila mstari wake hata mmoja kubadilishwa. Katika suala hili Codd alikuwa sahihi, na uvivu wa watengenezaji umelipiwa na watumiaji.

Ndani ya lugha za programu zenyewe hadithi ilikwenda sambamba. Mwaka 1965 Tony Hoare, alipokuwa akisanifu lugha ya ALGOL W, aliingiza rejeo tupu, yaani kiashirio kinachoruhusiwa kutoelekeza kwenye kitu chochote, kwa sababu lilikuwa rahisi mno kutekeleza. Mwaka 2009, katika mkutano uliofanyika London, aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Lugha kama ML na Haskell zilionyesha njia nyingine, ambapo thamani inayoweza kukosekana hufungwa ndani ya aina maalumu na mwandishi halazimiki kukumbuka kuichunguza, kwa kuwa lugha yenyewe humtaka aeleze atafanya nini ikikosekana. Swift na Kotlin zimeufikisha utaratibu huo kwa watengenezaji wa programu za simu, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Mjazaji wa kawaida alikutana na mambo haya ana kwa ana wakati fomu ilipohamia kwenye skrini. Katika vituo vya IBM 3270, yaani skrini zenye kibodi zilizounganishwa na kompyuta kuu, vilivyotoka mwaka 1971, skrini nzima ilijazwa kisha ikatumwa kwa mpigo mmoja, na ili kupunguza mzigo wa laini za mawasiliano zilizokuwa ghali, nyuga zilizoguswa na mtumiaji ndizo pekee zilizotumwa. Uga usioguswa ulifika kwa programu ukiwa na herufi za thamani ya chini kabisa, na uga ulioguswa kisha ukafutwa kwa nafasi ulifika ukiwa na nafasi tupu, hivyo waandishi wa COBOL wakawa wanauliza kila mara maswali mawili pamoja: je, ni SPACES au ni LOW-VALUES? Tofauti kati ya kutogusa na kufuta ilikuwepo pale, ikasomwa, na ikatupwa.

Mtandao wa dunia ulirudia mambo hayohayo. Fomu ziliwekwa rasmi katika HTML 2.0, kiwango kilichochapishwa mwezi Novemba mwaka 1995, na utaratibu uliozoeleka katika vivinjari ukawa kwamba uga wa maandishi ulioachwa mtupu hutumwa kwa jina lake likifuatwa na alama ya sawasawa bila kitu mbele yake, ilhali kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi hata jina. Seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, haiwezi basi kujua kama mtu alikataa pendekezo lililo ndani ya kisanduku au kama fomu aliyopewa haikuwa na kisanduku hicho. Waundaji wa tovuti wamezoea kuficha nyuma ya kila kisanduku uga wa pili wenye jina lilelile na thamani 0, ili pawepo na kitu cha kutumwa, na mfumo wa Ruby on Rails hufanya hivyo wenyewe. Lugha ya PHP, iliyotumika kujenga sehemu kubwa ya tovuti za awali, ilitoa jaribio liitwalo empty ambalo huchukulia herufi ya 0 kuwa utupu, na kwa sababu hiyo mtu aliyeulizwa ana watoto wangapi akaandika 0 huweza kuambiwa kwa wino mwekundu kwamba hakujibu. FORTRAN iliufanya utupu kuwa sifuri. Hapa sifuri imefanywa kuwa utupu.

Mwezi Desemba mwaka 1995 JavaScript ilitangazwa kwa ajili ya kivinjari cha Netscape, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kukagua nyuga kabla fomu haijaondoka katika kompyuta ya mtumiaji, ili asisubiri jibu la seva kupitia laini ya simu. HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, ililigeuza zoezi hilo kuwa neno moja, required, ambalo likiandikwa katika uga humfanya mjazaji azuiwe mpaka aandike kitu. Kizuizi hicho kina mipaka miwili ambayo kila mhandisi makini anaifahamu: nafasi zilizopigwa kwa kibodi hupita kana kwamba ni jibu zisipoondolewa kwanza, na ukaguzi wa kivinjari hauwezi kuchukua nafasi ya ukaguzi wa seva, kwa kuwa mtu anaweza kutuma data bila kupitia kivinjari kabisa. Athari yake ya kibinadamu ni kubwa zaidi. Kulazimisha uga hakumpi mtu jibu asilokuwa nalo. Humfundisha kuandika kistari, nukta, neno hakuna, au 00000 mahali pa msimbo wa posta, kama walivyofanya wakazi wengi wa Tanzania kwenye tovuti za ng'ambo, wakiishi katika nchi ambayo anwani ya kawaida ilikuwa sanduku la posta na ambayo operesheni ya kitaifa ya anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022. Uga uliokuwa mtupu kwa uaminifu hugeuka kuwa uga uliojazwa uongo, na uongo huo hauna alama ya kuutambulisha.

Uongo wa namna hiyo umeandikwa hata katika vitambulisho vya watu. Mwongozo wa kimataifa wa hati za kusafiria, ICAO Doc 9303, unaruhusu waziwazi sehemu ya tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana iachwe ikiwa na alama za kujaza, na unamruhusu mwenye jina moja awe na jina moja. Mifumo mingi inayopokea taarifa hizo haikujengwa kwa kuufuata. Anayeomba viza ya Marekani akiwa na pasipoti yenye jina la ukoo pekee huelekezwa kuandika FNU, herufi zinazosimama badala ya maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba jina la kwanza halijulikani, ingawa kwa mtu huyo hakuna jina la kwanza la kujulikana. Wakimbizi waliosajiliwa bila cheti cha kuzaliwa, wakiwemo Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma kabla ya kuhamishiwa Amerika Kaskazini, kwa wingi wamepewa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa sababu mwaka ulikadiriwa na mfumo ulidai siku na mwezi. Tarehe hiyo huwafuata shuleni, benki na hospitali, na kuirekebisha huhitaji ushahidi uleule ambao kukosekana kwake ndiko kulikoizaa.

Afrika Mashariki ina mfano wake mwingine, unaogusa maisha ya watu wengi zaidi. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambao huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza kutumiwa nchini kote Kenya mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo huutumia; nchini Tanzania ndimo huingia takwimu zinazoanzia katika vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) vya zahanati na vituo vya afya. Kila mwezi kituo huripoti idadi ya wagonjwa kwa kila ugonjwa, na swali la uga mtupu hurudi kwa uzito wake wote: je, zahanati iliyoacha kisanduku cha malaria wazi haikuwa na mgonjwa, au haikuwa na vipimo, au haikuwa na mtu wa kujaza? Kwa mpangilio wake wa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, kwa kuwa mamilioni ya sifuri hujaza hifadhidata na kupunguza kasi yake, isipokuwa msimamizi awe ameagiza kwa kipengele husika kwamba sifuri zitunzwe. Ufuatiliaji wa polio ulikwisha kulitatua jambo hili kabla ya kompyuta kufika wilayani, kwa kudai kwamba kituo kisichoona mtoto aliyepooza ghafla kilete ripoti ya sifuri kwa wakati uleule ambao kingeleta ripoti ya mgonjwa, ili ukimya usichukuliwe kamwe kuwa habari njema. Katika DHIS2 mhudumu hubonyeza kitufe cha kuthibitisha kwamba fomu imekamilika, na kitufe hicho humwambia mratibu wa wilaya kwamba ripoti imefika, ila hakimwambii ni visanduku vipi vitupu ni sifuri na ni vipi havikujibiwa. Mfumo huohuo huruhusu maelezo mafupi yaambatishwe kwenye kisanduku kimoja kimoja, na hapo mhudumu anaweza kueleza kwamba vipimo viliisha katikati ya mwezi, iwapo amefundishwa kwamba nafasi hiyo ipo na iwapo kuna mtu huko wilayani anayeyasoma.